Mjomba, ng'ombe watatu na 'redio inayoona chini ya ardhi'

Leo sina kisa cha mtu kufumaniwa gesti wala cha dada aliyeachwa siku tatu kabla ya harusi. Nina kisa cha mjomba wangu wa Sindeni, kule Handeni, ng'ombe wake watatu, na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu kilichobaki kidogo tu kimfilisi.

Ilianza kwa simu. Ijumaa usiku niko zangu Temeke, nimeshaoga, najiandaa kwenda kibanda umiza kucheki mpira, mara simu ikalia. Bibi! Bibi yangu hapigi simu usiku ila kuna msiba, kwa hiyo moyo ulishaanza kwenda mbio.

"Mjukuu wangu, njoo uzungumze na mjomba wako. Anauza ng'ombe."

"Bibi, si ng'ombe wake?"

"Ni wake. Lakini hela anampa mtu aliyekuja na redio inayoona chini ya ardhi."

Nikakaa kitandani. Bibi akanipa mkanda mzima. Kuna jamaa amefika kijijini, amevaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, anajiita Injinia. Amezunguka shamba la mjomba na kisanduku chake, kikalia pii pii pii karibu na mbuyu. Akatamka kwamba chini pale kuna sanduku la Mjerumani, na chini ya sanduku kuna mafuta. Ili apime "kwa undani" anataka shilingi milioni moja na laki mbili. Kianzio cha laki na nusu mjomba ameshatoa.

Sasa, msomaji wangu, usimcheke mjomba haraka hivyo. Handeni ni mahali ambapo watu wenye vipimo wamepita kweli. Dhahabu imechimbwa Magambazi. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linakatiza wilaya hiyo hiyo. Watu wameona kwa macho yao wageni wenye kofia ngumu wakipima ardhi, kisha watu wakalipwa fidia. Leo akija mwingine mwenye kofia ya aina ile ile, utamjuaje?

Tena jamaa alikuwa na neno lake moja la kummaliza mtu. Alimwambia mjomba: "Hii mashine inatumia sauti. Ndiyo hii hii waliyogundulia gesi baharini kule Mtwara."

Hapo ndipo niliposhtuka. Kumbe matapeli wazuri huanza na kitu cha kweli!

Kaka wa chumba cha nne

Kwamba gesi yetu ya baharini ilitafutwa kwa sauti, hilo nilikuwa nimelisikia. Nyumba tuliyopanga, chumba cha nne anakaa kaka mmoja mtu wa Kusini. Zamani aliwahi kuwa kibarua kwenye boti zinazosindikiza meli ya kupima. Kazi yao ilikuwa kutangulia mbele, kuwaomba wavuvi wasogeze nyavu zao kabla meli haijafika. Mpira nikausahau, nikaenda kumgongea.

"Kaka, nifundishe hiyo mitambo ya sauti. Kesho alfajiri nasafiri."

Akacheka, akanikaribisha chai ya rangi. Tulikaa mpaka saa sita za usiku. Naomba nikumegee alichoniambia, maana ndicho kilichookoa ng'ombe.

Kwanza meli yenyewe. Haina haraka, inakwenda kama kilomita nane kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia kupunguza kitambi. Nyuma inavuta bunduki za hewa. Bunduki hizo hazina risasi. Ni mitungi yenye hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu zaidi ya mara 60 ya upepo wa tairi la gari dogo. Kila baada ya sekunde kumi hivi zinaachia kwa mpigo mmoja, puuu! Zamani, kabla ya bunduki hizi kushika soko katika miaka ya 1960, walikuwa wakilipua baruti majini.

Nyuma zaidi zinaelea nyaya ndefu, na waya mmoja unaweza kufika kilomita nane. Pima mwenyewe kutoka Kariakoo mpaka uishiwe pumzi. Ndani ya nyaya hizo mmepangwa maikrofoni za majini, mamia kwa maelfu, kazi yake ni kusikiliza tu. Meli inafanya kazi usiku na mchana, maana kuigeuza na mkia wote huo ni shughuli ya saa kadhaa.

"Sasa inasikiliza nini?" nikauliza.

"Mwangwi," akasema. "Wewe shule ulifundishwa nini?"

Hapo nikaona aibu. Nilifundishwa! Kwenye Fizikia kuna lile swali la mtu aliyesimama mbele ya ukuta akapiga makofi, mwangwi ukarudi baada ya sekunde kadhaa, tafuta umbali. Unazidisha kasi kwa muda, unagawa kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Nililikariri swali lile kama wimbo wa mchakamchaka, nikalifanya kwenye mtihani, nikalitupa. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba kuna watu wanaendeshea meli nzima kwa hesabu ile ile!

Hewani sauti inakwenda mita kama 340 kwa sekunde. Ndani ya maji inakwenda kasi zaidi, mita kama 1,500. Kwa hiyo pale ambapo bahari ina kina cha mita 2,500, sauti inashuka, inagonga sakafu ya bahari na kurudi juu kwa sekunde tatu na kitu. Hesabu ni ile ile ya makofi na ukuta.

Ila utamu uko hapa: sauti yote hairudi. Sehemu inarudi, nyingine inapenya sakafuni na kuendelea kushuka. Chini kuna matabaka, tope, mchanga uliogeuka jiwe, chokaa, yamelaliana kama mashuka kabatini. Kila sauti inapotoka tabaka laini kuingia gumu, au gumu kuingia laini, sehemu yake inarudi juu. Kwa puuu moja, maikrofoni zinapokea miangwi kibao, wa kwanza wa sakafu, wa pili wa tabaka la chini yake, wa tatu wa chini zaidi, hadi kilomita kadhaa ndani ya mwamba.

Kwa nini sauti inapenya hivyo? Kama umepanga karibu na baa unajua jibu. Ukiwa ndani na umefunga dirisha, maneno ya wimbo huyasikii, sauti nyembamba za gitaa huzisikii. Lakini besi! Dum, dum, dum, mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Sauti nzito inapita ukuta, nyembamba inaishia njiani. Bunduki za hewa zinapiga besi, tena besi nzito kwelikweli.

Baada ya hapo kazi inahamia kwenye kompyuta. Miangwi mamilioni inasafishwa, inapangwa, na inaweza kuchukua miezi kabla picha haijatoka. Zipo picha za aina mbili. Ya kwanza ni kama silesi moja ya mkate, unaona upande mmoja tu. Ya pili ni mkate mzima, unaukata utakavyo na kuutazama kila upande. Hiyo ya mkate mzima ndiyo ghali.

"Na nyangumi je?" nikamchokoza. Akawa siriasi. Nyangumi na pomboo wanaishi kwa kusikia, akasema, na kelele zile si za mchezo. Ndiyo maana wapimaji makini huanza na mlio mdogo na kuongeza taratibu ili viumbe wapate nafasi ya kukimbia, na huweka mtu wa kuchungulia bahari kabla ya kuanza. Wavuvi nao hawakufurahia kila siku kuambiwa wasogee. "Wengine walitununia mpaka leo," akasema.

Pilau la baharini

Wenye sifa ya kuanza mambo haya ni wengi. Baada ya meli Titanic kugonga barafu mwaka 1912, Reginald Fessenden alitengeneza chombo cha kupigia sauti majini, na mwaka 1914 kikaitambua barafu kwa mwangwi wake. Mwaka 1921, kule Oklahoma, Marekani, John Clarence Karcher na wenzake walijaribu mtindo huo nchi kavu na kupata picha ya miamba ya chini.

Kwetu historia ni ndefu kuliko vijana wengi tunavyodhani. Kampuni za BP na Shell zilitafuta mafuta pwani yetu na visiwani kuanzia miaka ya 1950, zikachimba visima Mafia, Unguja na Pemba. Zilikosa mali ya kuuza zikaondoka. Shirika letu la TPDC likaundwa mwaka 1969. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia ikapata gesi Songo Songo, mwaka 1982 ikapatikana Mnazi Bay, Mtwara.

Hata Ziwa Tanganyika limegongwa hivi hivi. Miaka ya 1980, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, katika mradi wao wa PROBE, walipita ziwani na vyombo vya sauti wakakuta chini ya maji yale kumelala matabaka mazito, unene wa kilomita kadhaa. Hao hawakutoka na pipa la mafuta. Walitoka na picha ya jinsi Bonde la Ufa linavyopasuka.

Halafu ikaja zamu ya bahari kuu. Kuanzia mwaka 2010 visima vya maji marefu vikaanza kutoa gesi, na majina waliyopewa, jamani, ni raha tupu. Upande mmoja wakaamua kuita samaki na viumbe wa baharini: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Papa. Upande wa pili wakaamua kuita viungo: Zafarani mwaka 2012, kisha Lavani, Tangawizi, Mdalasini, Giligilani. Ukichanganya pande mbili umepata pilau la samaki! Nchi nzima, bara na bahari, hesabu iliyotangazwa ni futi za ujazo trilioni 57 za gesi, na kama 47 kati ya hizo ziko kwenye maji marefu.

Lakini kaka wa chumba cha nne akaninyooshea kidole. "Usiende kumdanganya mjomba wako. Sauti haikuambii kuna gesi. Sauti inakuambia kuna umbo."

Umbo gani? Mahali ambapo matabaka yamejikunja kama bakuli lililofunikwa, na gesi ingeweza kunaswa chini ya kifuniko. Mara nyingine gesi ikiwepo mwangwi unakuwa mkali, doa linang'aa kwenye picha. Tatizo ni kwamba hata gesi kidogo isiyofaa kitu inaweza kuleta doa hilo hilo. Mwaka 2014, kisima kilichoitwa Tende kilichimbwa baharini, picha zimeonyesha matumaini, meli ya gharama kubwa imeletwa. Kikatoka kitupu. Wenye kompyuta zote zile na mafundi wa dunia nzima, wakakosa.

"Kwa hiyo," kaka akamalizia chai yake, "ukikutana na mtu anayekwambia ana uhakika kabla ya kutoboa, huyo si mpimaji."

Sindeni, saa kumi jioni

Jumamosi alfajiri nikapanda basi, nikashuka Korogwe, nikaunganisha. Nilipofika Sindeni vumbi limenigeuza rangi. Bibi akanipa maji ya kunywa kikombe kimoja, na kwa Handeni kikombe kimoja ni heshima, maana maji kule si mchezo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umetumwa na mama eti?"

Mjomba si mjinga. Akanipeleka mbuyuni, akanionyesha vijiti vinne alivyochomeka Injinia. Njiani akaniambia jambo lililonikata maini. Ng'ombe hakuwa anauza kwa tamaa ya gari. Binti yake amefaulu kwenda kidato cha tano, na mvua mbili mfululizo mahindi yamegoma. Alichokuwa anatafuta ni ada. Aliona akiuza ng'ombe atasomesha mwaka mmoja, akipata mali ya Mjerumani atasomesha wote.

Nikaanza kumweleza mambo ya meli, bunduki za hewa, matabaka. Nikaona macho yanamtoka tu. Nilikuwa najifanya profesa mbele ya mtu mzima, na mtu mzima hapendi. Tukarudi nyumbani kimya.

Nyuma ya nyumba kuna tenki la maji, lile jeusi la plastiki. Mjomba akaliendea, akakunja kidole akaligonga juu: ko ko. Akashuka kidogo: ko ko. Akashuka tena: du du. Akaweka kidole pale pale sauti ilipobadilika. "Yamebaki mpaka hapa," akasema. "Siku nne."

Nikamshika mkono. "Mjomba! Ndiyo hiyo! Wale wa baharini wanafanya hicho hicho ulichofanya sasa hivi!"

Akaangalia kidole chake. Akaangalia tenki. Akagonga tena, taratibu, kama anaonja mchuzi. Kisha akauliza maswali mawili ambayo mimi mwenye Fizikia yangu ya kukariri nisingeweza kuyapanga vizuri vile.

"Mimi nimegonga kwa kidole. Yule anagonga kwa nini? Mimi nimesikia kwa sikio. Yule sikio lake liko wapi?"

Injinia alifika saa kumi jioni kwa pikipiki, akijua anakuja kuhesabu hela. Mjomba akamkaribisha kigoda, bibi akakaa mlangoni, majirani kama sita wakajisogeza. Mimi nikatambulishwa kuwa ni mpwa kutoka Dar, nikanyamaza kama nilivyoagizwa.

"Injinia, mashine yako inatumia sauti?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi igongeshe ardhi tusikie."

Jamaa akawasha kisanduku, kikalia pii pii.

"Hiyo ni sauti ya kutuita sisi," mjomba akasema. "Ya kuita jiwe iko wapi? Mimi tenki la maji tu naligonga kidole kinauma. Wewe unasema unafika chini ya mbuyu, na hata kuku hajashtuka."

Majirani wakaangua kicheko. Jamaa akajikohoza. "Mzee, hii ni ya kisasa. Inatumia setilaiti."

"Juzi uliniambia sauti."

Ukimya ukatanda. Hapo nikaomba ruhusa nikaongeza langu moja tu. Nikasema kwa sheria zetu, ile ya Madini ya mwaka 2010 na ya Petroli ya mwaka 2015, madini na mafuta vikiwa chini ya ardhi ni mali ya taifa, na hakuna anayetafuta bila leseni. Tungeomba kuiona leseni, kisha twende naye ofisi ya kijiji ikasomwe. Injinia akasema leseni ameiacha Korogwe. Akasema anaifuata. Pikipiki ikatimua vumbi, na mpaka naandika haya hajarudi.

Laki na nusu nayo haijarudi. Nisikudanganye, msomaji, kwamba kila kitu kiliisha kwa furaha. Kwa mjomba wangu laki na nusu ni ada, sare na nauli ya binti yake. Ng'ombe watatu wapo, lakini mmoja atauzwa tu, safari hii kwa shule. Taarifa tumeitoa kijijini ili jamaa asiende kugonga mlango mwingine.

Usiku tukiwa tumekaa nje, mjomba akaniuliza: "Hao wa baharini, walisubiri muda gani?"

Nikamwambia Songo Songo gesi ilionekana mwaka 1974, na umeme wake ukaanza kuwashwa Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka 30. Na ile ya maji marefu, ya akina Zafarani na Pweza, mpaka sasa bado iko chini haijavunwa.

Mjomba akatikisa kichwa. "Na wao wana meli," akasema.

Kwa hiyo, vijana wenzangu wa mjini, msije mkafikiri kisa hiki ni cha washamba. Sisi wenyewe huku kila siku tunaletewa visanduku vinavyolia pii pii, mara mchezo wa hela za kuzaana simuni, mara ajira ya Dubai yenye kianzio, mara kiwanja Kigamboni chenye picha nzuri kuliko kiwanja. Kila kimoja kina neno moja la kweli ndani yake, na ndilo linalotumaliza. Dawa niliyorudi nayo Temeke ni ya mjomba: muulize anagonga kwa nini, na sikio lake liko wapi. Akibadilisha maneno, wewe shika ng'ombe wako.

Kaka wa chumba cha nne nimemletea mahindi mabichi kutoka Sindeni, machache, lakini ya shukrani.